Wenye Nchi Hawavumbuliwi

Liko neno ambalo lasemwa kwa furaha nyingi na baadhi ya wenzetu, nasi twaona si vema kulinyamazia. Wasema kwamba watu wa Kilwa ndio walioivumbua nchi ya Australia, zamani sana, kabla Wazungu hawajaiona. Neno hili lapendeza masikioni, maana kila mtu apenda kusikia sifa za baba zake. Walakini si kila lipendezalo masikio ni kweli, na neno hili limebeba ndani yake uongo ule ule uliotuumiza sisi wenyewe. Basi twataka kulipinga, na katika kulipinga tueleze habari za wenyeji wa nchi ile, na jinsi mambo yao ya kale yalivyochimbuliwa, na kuibiwa, na mengine kurudishwa.

Kwanza tuseme yaliyo kweli. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, jina lake Maurie Isenberg, aliwekwa katika kisiwa cha Marchinbar, kimoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Akiwa huko aliokota mchangani sarafu tisa. Akazitia katika mkebe, zikakaa miaka mingi pasipo mtu kuzijali. Hata mwaka 1979 zilipochunguzwa na wenye maarifa, ilionekana kwamba nne ni za kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara Mashariki, na tano ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina. Habari hii ni ya ajabu, nasi twaifurahia. Lakini sarafu za Waholanzi zilizookotwa pamoja nazo ni za miaka ya 1690 hata 1780, na Mreno alikwisha kuiteka Kilwa mwaka 1505. Basi ikiwa zote ziliangushwa pamoja, aliyeziangusha hakuwa baharia wa masultani wale, bali mtu mwingine wa siku za baadaye kabisa. Sarafu hutembea mkono kwa mkono kuliko mwenye sarafu. Hapana ajuaye ni nani aliyezifikisha pale, na asiyejua hana ruhusa ya kujisifu.

Mwaka 2013 habari ya sarafu hizi ilipoenea katika magazeti ya dunia, swali lililoulizwa lilikuwa hili: Je, ni nani aliyeivumbua Australia kabla ya Kapteni Cook? Wengine wakasema Waholanzi, wengine Wareno, na wenzetu wakaitika kwa shangwe, Ni Waswahili! Nasi twasema kwamba swali lenyewe ni baya, kwa hiyo majibu yake yote ni mabaya. Mtu akipita njiani akaona nyumba, akabisha hodi, akawakuta wenyewe wamekaa wanakula, je, atatoka nje na kutangaza kwamba ameivumbua nyumba? Watu watamcheka. Na akiisha kutangaza hivyo akawatoa wenyewe nje, hawatamcheka tena, watamwita mnyang'anyi. Visiwa vya Wessel ni vya Wayolngu. Walikuwako kabla ya Cook na kabla ya Mholanzi. Watu wa Makassar walipokuja na jahazi zao katika miaka ya 1700 kutafuta majongoo bahari ili wawauzie Wachina, walipatana na Wayolngu, wakafanya nao biashara muda mrefu, hata serikali ya Australia ilipoikomesha biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hata leo Wayolngu huita fedha *rrupiya*, neno walilolipata kwa wageni wale, nasi twalijua, maana bahari yetu ililileta kwetu pia. Hao wa Makassar hawakusema wamevumbua nchi. Walijua wamefika kwa watu.

Labda mtu atauliza, Wenyeji hao wamekaa huko tangu lini? Hapa ndipo elimu ya mambo ya kale, iitwayo akiolojia, inapotufaa. Katika nchi ya Wamirarr, kaskazini, liko pango lililo wazi liitwalo Madjedbebe. Wataalamu walichimba pale kwa ruhusa ya Wamirarr wenyewe, na kwa mapatano yaliyowapa wenyeji uwezo wa kuizuia kazi wakati wo wote. Wakaona mashoka ya mawe yaliyonolewa, na mawe ya kusagia, na vipande vya ngeu waliyotumia kwa kupaka rangi. Kisha wakapima chembe za mchanga, kwa maana chembe hizo huweka ndani yake dalili ya muda uliopita tangu zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba watu wamekaa pale muda wa miaka 65,000. Wako wataalamu wengine wanaobisha, wakisema ni miaka 50,000 tu au karibu yake. Wabishane, ndiyo kazi yao. Na ye yote miongoni mwa ndugu zetu anayeshituka kwa ukubwa wa hesabu hizi asifadhaike. Hatukukusudia leo kubishana juu ya siku za kuumbwa ulimwengu. Neno letu ni dogo kuliko hilo, nalo halina mashaka: wenyeji wa Australia walikuwako katika nchi yao kabla mji wa Kilwa haujajengwa, na kabla London haijawa hata kijiji. Nani basi avumbue?

Tazameni uongo huu wa kuvumbua ulifanya kazi gani. James Cook alipotumwa na Uingereza mwaka 1768 alipewa amri ya siri kwa maandishi. Aliagizwa achukue mahali panapofaa kwa jina la mfalme wake kwa ridhaa ya wenyeji, au, kama akiona nchi haina watu, aichukue tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1770 alifika mahali wenyeji walipopaita Kamay, na Waingereza wakapaita Botany Bay. Watu wawili wakasimama ufuoni kuwazuia wageni wasishuke, nao wakapigwa kwa bunduki. Kisha watu wa Cook wakaingia katika vibanda vyao, wakachukua mikuki yao. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, katika kisiwa kidogo cha kaskazini, Cook alitweka bendera akatangaza kwamba pwani yote ya mashariki ni ya mfalme. Ridhaa hakuiomba kwa mtu hata mmoja. Mwaka 1788 wakaja walowezi, na sheria ikaishika nchi ile kana kwamba ni ardhi isiyo na mwenyewe. Mikuki ilikuwako Cambridge, imeandikwa kuwa imetwaliwa kwa watu, na sheria yasema hapakuwa na mwenye nchi! Ikapita miaka 204. Mtu mmoja wa kisiwa cha Mer, Eddie Koiki Mabo, pamoja na wenzake, walishitaki muda wa miaka kumi, hata tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia ikakiri kwamba wenyeji walikuwa na haki katika ardhi yao tangu mwanzo. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu. Alikufa mwezi wa Januari mwaka huo. Na ile mikuki minne iliyosalia Cambridge ilirudishwa kwa jamaa za wenyewe mwaka 2024.

Ndugu, uongo wa kwanza huzaa wa pili. Mtu akiisha kusema kwamba nchi haikuwa na wenyewe, hana budi kusema pia kwamba kila kazi njema iliyoonekana humo ilifanywa na wageni. Katika mwaka 1838 George Grey, msafiri Mwingereza, aliona magharibi mwa Australia picha kubwa zilizochorwa mapangoni, akasadiki kwamba watu wa nchi hawangeweza kuzifanya. Kumbe wenyeji wa huko walizijua picha zile, huziita Wandjina, na kuzipaka rangi upya ilikuwa desturi yao. Je, sisi hatulijui neno hili? Karl Mauch alipofika katika magofu makubwa ya Zimbabwe mwaka 1871 alisema ni kazi ya malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver akachimba, akasema ni kazi ya Waafrika. Na mwaka 1929 bibi Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akasema vivyo hivyo. Hata hivyo watawala wa kizungu wa nchi ile hawakupenda kuusikia ukweli huo kwa muda mrefu. Na Kilwa yetu je? Ni mara ngapi tumeambiwa kwamba misikiti na nyumba zake za mawe ni kazi ya wageni tu, kana kwamba wenyeji walikaa kutazama? Tuliona uchungu. Basi leo tukisema kwamba Waswahili waliivumbua Australia, twawatenda wenzetu jambo lile lile tulilotendwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Wengine husema, Lakini wale walikuwa watu wa kutangatanga, hawakujenga kitu. Nalo si kweli. Kusini, katika nchi ya Wagunditjmara, iko milima ya moto ya zamani iitwayo Budj Bim. Wenyeji walichimba mifereji katika mawe yale meusi, wakajenga kuta na mabwawa, ili maji yanapopanda na kushuka yalete samaki wa jamii ya mkunga katika mitego yao. Samaki wengine waliwaacha mabwawani wakue. Kazi ya kale kabisa iliyopimwa hapo ina miaka 6,600. Kando yake walijenga nyumba zenye kuta za mawe. Mwaka 2019 mahali hapo pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Walowezi walipita juu ya mifereji hiyo na mifugo yao, wasiione, kwa maana walikuja wakijua kwamba hakuna cha kuonwa.

Sasa twafika kwenye jambo zito zaidi, yaani mifupa ya wafu. Katika kisiwa cha Tasmania alikuwako mwanamke aliyeitwa Truganini. Aliona watu wake wakiuawa na kufa kwa maradhi, na kuhamishwa nchi yao. Alipokuwa mzee aliwasihi watu wasimkatekate atakapokufa, maana alijua wafu wenzake walivyotendwa. Akafa mwaka 1876, akazikwa. Mwaka 1878 akafukuliwa. Kisha mifupa yake ikaunganishwa ikasimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Hobart, watu waingie waitazame, tangu mwaka 1904 hata mwaka 1947. Walimwita mtu wa mwisho wa taifa lake, nalo lilikuwa uongo, kwa kuwa wazao wa wenyeji wa Tasmania wako hata leo. Mwaka 1976, miaka 100 baada ya kufa kwake, mifupa yake ilichomwa kama alivyotakiwa kufanyiwa heshima, na majivu yakamwagwa katika bahari ya kwao. Twauliza: elimu gani ilipatikana kwa kuisimamisha mifupa ya mwanamke yule muda wa miaka zaidi ya 40? Watoto wa shule waliopita pale walijifunza nini, isipokuwa kwamba wako watu ambao ombi lao la mwisho si kitu?

Yuko na mwingine ambaye twataka mmjue, kwa kuwa ni ndugu yetu katika imani. David Unaipon wa kabila la Wangarrindjeri alizaliwa mwaka 1872 katika kituo cha misheni cha Point McLeay, ambacho wenyeji hukiita Raukkan. Alisoma Maandiko, akawa mhubiri, akasafiri nchi nyingi kwa miguu akifundisha. Alikuwa pia na akili ya vyombo, na mwaka 1909 alipata hati ya haki kwa kutengeneza vema zaidi mkasi wa mashine wa kukatia manyoya ya kondoo. Tena aliziandika hadithi za wazee wa taifa lake, kwa maana hakuona kwamba kuwa Mkristo ni kumtupa babu yake. Basi hati zile zikapita katika mikono ya wengine, na mwaka 1930 zikatoka London katika kitabu kilichoandikwa jina la William Ramsay Smith. Jina la Unaipon halikuonekana kama mwandishi. Na huyo Ramsay Smith alikuwa nani? Alikuwa daktari na mchunguzi wa vifo mjini Adelaide, naye ndiye aliyekuwa akipeleka mifupa ya wenyeji Edinburgh, katika nchi ya Scotland. Mwaka 1903 serikali ilimchunguza kwa ajili ya mambo hayo, lakini akarudi kazini mwake. Tazameni basi: mkono mmoja ulichukua mifupa ya Wangarrindjeri makaburini, na mkono huo huo ukachukua maneno yao kitabuni. Mifupa iliyokuwa Edinburgh ilikuja kurudishwa kwa wenyewe baada ya miaka mingi sana, na kitabu kikachapwa kwa jina la Unaipon mwaka 2001, naye alikwisha kufa tangu mwaka 1967. Leo sura yake iko katika noti ya dola 50 ya Australia, na kando yake limechorwa kanisa la Raukkan.

Wako wataalamu wanaotujibu hivi: Mifupa ya kale ni mali ya wanadamu wote, ikizikwa tena, elimu imepotea. Jibu hili si la kudharauliwa, nasi hatulidharau. Mwaka 1968 mtaalamu wa mawe na udongo, Jim Bowler, aliona mifupa iliyoungua kando ya ziwa lililokauka liitwalo Mungo. Ilikuwa ya mwanamke. Mwaka 1974 akaona na mifupa ya mwanamume aliyezikwa amenyunyiziwa ngeu. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba wote wawili waliishi karibu miaka 42,000 iliyopita. Yule mwanamke alichomwa kwa taratibu na mabaki yake yakazikwa, na yule mwanamume alilazwa kwa heshima. Basi wale walioitwa wanyama wa mwituni walikuwa wakiomboleza wafu wao zamani hizo! Habari hii iliwasaidia wenyeji wenyewe katika kudai haki zao, nao hawakukana. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuchimba ni dhambi. Twasema kwamba kuchimba bila ruhusa ni wizi, na kuweka bila mwisho kitu cha kuazima ni wizi pia.

Mifupa ya yule mwanamke ilichukuliwa Canberra katika sanduku la safari, wala jamaa za nchi ile hawakuulizwa. Ilikaa huko miaka zaidi ya 20. Iliporudishwa mwaka 1992 iliwekwa katika hazina yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa wazee wa wenyeji, na ufunguo mmoja kwa wataalamu, ili mmoja asiweze kufungua bila mwenziwe. Mwanamume yule naye akarudishwa mwaka 2017, na mwaka 2022 wote wawili wakazikwa tena katika nchi yao. Jambo la kuzikwa halikukosa ugomvi, maana hata miongoni mwa wenyeji wenyewe wako waliotaka mahali maalumu pa kuwahifadhi, na wako waliotaka wapumzike udongoni. Lakini ugomvi wa watoto juu ya kaburi la mama yao ni ugomvi wa nyumbani. Jirani aweza kutoa shauri. Hawezi kumchukua maiti mpaka wapatane.

Nasi Wakristo twashangaa kwamba liko jambo la kubishaniwa hapa. Yusufu alipokuwa karibu kufa katika Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake haitabaki ugenini. Musa katika haraka ile ya kutoka hakuisahau, na baada ya safari ya jangwani ikazikwa Shekemu. Rispa alikaa juu ya mwamba akiwafukuza ndege na wanyama wasiwaguse wanawe waliouawa, hata Daudi aliposikia akatahayari, akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani na kuizika kwao. Ibrahimu hakuchukua pango la kumzikia Sara kwa nguvu, ingawa alikuwa na ahadi ya Mungu juu ya nchi ile. Aliinama mbele ya wenyeji, akapima fedha, akalipa. Hata kwetu tulijua jambo hili. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, liliandikwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba lirudishwe, na halikufika Kalenga hata mwaka 1954. Watu wa Moshi wangali wakikitafuta kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900. Mtu aliyengoja hivyo aelewe kungoja kwa mwenziwe.

Tena msidhani kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Magharibi mwa Australia, katika nchi ya Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, palikuwa na mapango mahali paitwapo Juukan. Kampuni ya Rio Tinto ilitaka madini ya chuma yaliyo chini yake, na mwaka 2013 ikapewa ruhusa na waziri kwa sheria ya mwaka 1972. Mwaka 2014 wataalamu wakatumwa kuokoa vitu kabla ya kubomolewa. Wakaona vyombo karibu 7,000, na dalili za watu tangu miaka 46,000, na kipande cha nywele zilizosokotwa cha miaka 4,000, ambacho kilipopimwa kilionyesha udugu na watu wanaoishi pale leo. Fikirini! Mjukuu aliona nywele za bibi yake wa miaka 4,000. Lakini ruhusa ilikwisha kutoka, na sheria ile haikuwapa wenyeji njia ya kukata rufani, ingawa mwenye madini aliweza. Tarehe 24 Mei 2020 baruti ikawashwa. Wakuu watatu wa kampuni waliacha kazi zao kwa ajili ya makelele ya watu, na Bunge likachunguza. Sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023, wenye mashamba na wengine wakalalamika, na kabla ya kutimiza miezi mitano ikafutwa. Ile ya mwaka 1972 ikarudishwa pamoja na marekebisho, na miongoni mwake wenyeji wakapewa haki ya rufani. Nabothi alipokataa kuuza shamba la baba zake, Yezebeli hakuvunja sheria. Aliandika barua, akaipiga muhuri wa mfalme, akaita mashahidi. Yote yalifanyika kwa taratibu. Ndiyo maana twasema, msiulize tu kama jambo limepata ruhusa. Ulizeni ruhusa ilitolewa na nani, na mwenye shamba alisema nini.

Hapo tuwajibu ndugu wengine, nao ni wa kanisa letu. Husema, Mambo ya kale ya watu hao, na ya babu zetu pia, ni mambo ya giza, yavunjwe, yasahauliwe. Twawauliza: Paulo alipofika Athene alifanya nini? Alitembea mjini, akatazama kwa makini vitu vyao vya ibada, akasoma maandishi ya madhabahu yao, na mahubiri yake yakaanzia pale pale. Hakuabudu, wala hakuvunja, alisoma. Yoshua aliamriwa kusimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize maana yake. Mtoto asiyeona mawe hataulizia kitu, na asiyeulizia ataambiwa na wageni kwamba yeye hakuwa na baba. Unaipon alihubiri Injili na kuandika habari za wazee wake, na jambo la kwanza halikuliharibu la pili.

Basi neno letu la mwisho ni la kutenda. Walimu, mnapofundisha habari za nchi, msiseme kwamba fulani aliivumbua nchi yenye watu. Semeni kwamba alifika. Wazee wa vijiji, akija mtaalamu mwenye barua ya kuchimba, mpokeeni vema, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwulizeni vitu vitakavyopatikana vitawekwa wapi, vitarudi lini, na ni nani atakayekuja kuwasomea aliyoyaona. Vijana, mkiokota ushanga au sarafu au kigae katika magofu, msiwauzie wapitao njiani, maana kitu kikiisha kuondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya ushahidi wake, kama zile sarafu tano za Kilwa. Na ye yote aandikaye maneno ya mzee, aandike na jina la mzee.

Kilwa haihitaji kuivumbua Australia ili iwe na heshima. Inayo heshima yake, nao wenyeji wa Australia wanayo yao, tangu zamani zisizohesabika kwa urahisi. Watu wawili wenye nyumba hawanyang'anyani, husalimiana.